Mwongozo kamili wa kujenga hazina kubwa ya data huria kuhusu utambuzi wa maneno ya Kijerumani

Msomaji mzoefu wa Kijerumani akionyeshwa neno Garten (bustani) kwenye skrini na kutakiwa abonyeze kitufe kusema kama ni neno la kweli au la, hujibu baada ya milisekunde 600 hivi. Akionyeshwa neno adimu, huchelewa. Akionyeshwa Gorten, ambalo halimo katika lugha, huchelewa pia, na mara nyingine hukosea. Kwa tofauti hizo ndogo za muda wanaisimu na wanasaikolojia hupima jinsi akili inavyohifadhi maneno: lipi hufikiwa upesi, lipi limejificha, lipi huchanganywa na jirani yake.

Zamani mtafiti alichagua maneno machache ya kawaida na machache adimu, akayapima, akachapisha wastani. Udhaifu wa njia hiyo ni kwamba mchaguzi wa maneno ni yeye yule anayetaka matokeo fulani, na mwenzake akiwa na swali jingine hulazimika kuanza upya. Ndipo zikaja hazina kubwa: pimeni maelfu ya maneno mara moja, wekeni data yote wazi, kila mwenye swali ajichotee. Wamarekani walitoa mwaka 2007 mradi wenye maneno 40,481 ya Kiingereza. Mwaka 2010 Kifaransa kilipata maneno 38,840 na Kiholanzi 14,089. Mwaka 2012 Kiingereza cha Uingereza kikapata 28,730. Kwa Kijerumani upo mradi wa DeveL wa mwaka 2017, uliopima maneno 1,152 na maneno bandia (yaani ya kubuni, kama Gorten) kwa watoto wapatao 800 wa darasa la 1 hadi la 6, pamoja na watu wazima vijana na wazee. Ni kazi bora sana ya kuonyesha jinsi usomaji unavyokua, lakini mwenye swali juu ya maneno marefu ya kuunganishwa, au maelfu ya maneno adimu, anahitaji orodha ndefu zaidi.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa isimu, mwalimu au mtengeneza programu anayetaka kushiriki kujenga hazina ya namna hiyo. Jambo moja nalisisitiza tangu sasa, kwa sababu miradi mingi hukwama hapo: uwazi wa data hauamuliwi siku ya kuipakia mtandaoni. Huamuliwa katika orodha ya maneno unayoanza nayo, katika fomu ya ridhaa na katika kila mstari ambao kompyuta yako inahifadhi au inautupa.

## Hatua ya kwanza: piga hesabu kabla ya kugusa kompyuta

Kuna njia mbili za kugawa kazi. Waholanzi walichukua washiriki 39 tu, na kila mmoja akajibu maneno yote 14,089 na maneno bandia idadi hiyo hiyo, kwa vikao vingi. Waingereza walichukua watu 78 na kumpa kila mmoja nusu ya orodha. Wafaransa na Wamarekani walichukua mamia ya watu, kila mmoja sehemu ndogo. Njia ya kwanza inakupa data tulivu, kwa sababu kila neno limejibiwa na watu wale wale. Ya pili ni rahisi zaidi kuendesha mtandaoni, na inakupa sura pana ya wazungumzaji. Kwa Kijerumani, ambacho kina Wajerumani, Waaustria na Waswisi, mimi ningechagua ya pili.

Sasa hesabu. Tuseme unataka maneno 20,000, na kila neno lijibiwe na watu 40. Hayo ni majibu 800,000 kwa maneno ya kweli, na mengine 800,000 kwa maneno bandia, maana nusu ya maonyesho yote (onyesho ni neno moja kwenye skrini na jibu lake) lazima yawe bandia. Mshiriki mmoja anaweza kufanya maonyesho 800 bila kuchoka kupita kiasi: maneno 400 ya kweli, 400 bandia. Basi unahitaji orodha ndogo 50, na kila orodha ipate watu 40, yaani washiriki 2,000.

Kwa nini 40? Kwa sababu kwenye neno adimu baadhi ya watu watakosea, na jibu lenye kosa halitumiki katika wastani wa muda. Ukianza na watu 15, neno ambalo theluthi yao hawalijui litabaki na majibu 10, na wastani wa majibu 10 huyumba sana.

Kila onyesho huchukua kama sekunde 2, hivyo maonyesho 800 ni karibu nusu saa. Ongeza maelekezo, mazoezi na mapumziko, useme dakika 40. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara Ujerumani kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Ukilipa kiwango hicho, kila mshiriki anapata takribani euro 8.55, na bajeti ya washiriki peke yake inafika euro 17,100. Usijaribu kuibana kwa kulipa kidogo. Mtu aliyelipwa vibaya hubonyeza ovyo ili amalize, na data yake utaitupa.

## Hatua ya pili: pata orodha ya maneno unayoruhusiwa kuigawa

Jambo la kwanza la kuangalia ni leseni, hata kabla ya ubora. Hazina ya CELEX, iliyotengenezwa Nijmegen, Uholanzi, ina habari nyingi mno za maumbo ya maneno ya Kijerumani, lakini hugawiwa kwa leseni yenye masharti. Unaweza kujifunza kutoka kwake, ila usichukue safu zake ukazibandika ndani ya faili lako huria. Hakuna anayemiliki neno Garten, lakini uchambuzi uliofanywa juu ya neno hilo una mwenyewe.

Kwa ujirudiaji wa maneno, chanzo kinachotumika sana ni SUBTLEX-DE, kilichohesabu maneno milioni 25.4 kutoka maandishi ya chini ya filamu na vipindi vya televisheni. Maandishi hayo yako karibu na mazungumzo ya kila siku, ndiyo maana yanatabiri vizuri muda wa kujibu. Yana upungufu mmoja wa kuuzingatia: sehemu kubwa ya filamu hizo ni tafsiri, kwa hiyo utakuta majina ya Kiingereza na misamiati ya polisi na mahakama imejaa kuliko inavyosikika mitaani Köln au Graz. Linganisha na dlexDB, inayotegemea matini za karne ya 20 zilizokusanywa na akademia ya sayansi ya Berlin. Kama utapima watoto, tumia childLex, ambayo imetokana na vitabu 500 vya watoto.

Matini za karne ya 20 zina jambo lao. Mageuzi ya tahajia ya Kijerumani yalitangazwa mwaka 1996, yakaanza kutumika rasmi tarehe 1 Agosti 1998, na yakarekebishwa mwaka 2006. Kabla yake watu waliandika daß (kwamba) na Fluß (mto), kwa ß, herufi ya Kijerumani yenye sauti ya s. Sasa ni dass na Fluss. Schifffahrt ilipata f ya tatu. Usipounganisha tahajia ya zamani na mpya, neno dass, ambalo ni miongoni mwa maneno ya kawaida kabisa, litaonekana kuwa na sehemu tu ya ujirudiaji wake. Tengeneza jedwali la ubadilishaji, na lihifadhi kama faili la hazina, si kama hatua iliyojificha ndani ya skripti.

Ujirudiaji uandike kwa kipimo cha Zipf. Chukua logi ya 10 ya idadi ya kutokea kwa kila maneno milioni moja, kisha ongeza 3. Neno linalotokea mara moja kwa milioni lina Zipf 3. Linalotokea mara 100 lina Zipf 5. Chagua maneno yako kutoka ngazi zote, na uwe na adimu ya kutosha, kwa kuwa tofauti kubwa zaidi hutokea huko chini.

Amua pia kama utaweka maumbo yaliyonyambuliwa. Kitenzi gehen (kwenda) kina gehe, gehst, geht, ging, gegangen. Ukiweka maumbo ya msingi pekee, orodha ni safi lakini haifanani na kile ambacho macho ya msomaji hukutana nacho. Ningeweka yote, na safu mbili tofauti: umbo lililoonyeshwa, na umbo la msingi.

## Hatua ya tatu: herufi kubwa, umlauti na ß

Hapa ndipo Kijerumani kinapojitenga na lugha nyingine zote zilizopimwa, na ndipo ninapoomba uende polepole.

Nomino zote za Kijerumani huandikwa kwa herufi kubwa mwanzoni. Si pambo, ni sehemu ya tahajia, na hutenganisha maneno. Arm ni mkono, arm ni maskini. Weg ni njia, weg ni "imeondoka". Morgen ni asubuhi, morgen ni kesho. Essen ni chakula, na ni jiji pia, na essen ni kula. Ukibadilisha orodha nzima kuwa herufi ndogo, kama programu nyingi zinavyofanya zenyewe, umeyaunganisha maneno hayo mawili mawili na hutayatenganisha tena. Zaidi ya hapo, msomaji akiona garten kwa g ndogo anaweza kusema "si neno" kwa sababu limeandikwa vibaya, naye atakuwa na haki.

Wengine hukimbilia kuandika kila kitu kwa herufi kubwa tupu. Hapo unakutana na ß, ambayo kwa karne nyingi haikuwa na umbo kubwa. ẞ kubwa iliingia rasmi katika tahajia mwaka 2017 tu, na wasomaji wengi hawajaizoea. Ukiibadilisha kuwa SS, neno Maße (vipimo) linageuka kuwa sawa na Masse (uzito, umati).

Pendekezo langu ni tahajia ya kawaida: nomino kwa herufi kubwa, vingine kwa ndogo. Sharti lake ni moja, na halina mjadala. Maneno bandia nayo lazima yawe na herufi kubwa kwa uwiano ule ule. Ikiwa asilimia 60 ya maneno ya kweli huanza kwa herufi kubwa na bandia zote ni ndogo, mshiriki atagundua baada ya dakika mbili kwamba hana haja ya kusoma.

Waswisi hawatumii ß kabisa. Wao huandika Strasse (mtaa) pale ambapo Mjerumani huandika Straße. Waulize washiriki wamesomea wapi shule ya msingi, kisha ama waonyeshe Waswisi tahajia yao, ama weka safu inayoonyesha kwamba neno hili lina ß, ili mtafiti aamue mwenyewe.

Kuhusu umlauti, yaani nukta mbili juu ya ä, ö na ü: schon ni "tayari" na schön ni "nzuri", zahlen ni kulipa na zählen ni kuhesabu. Hifadhi kila faili kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote, na hakikisha ä, ö, ü zimeandikwa kama herufi moja, siyo a, o, u iliyoongezewa nukta kwa alama ya pili. Kwa macho hayatofautiani, lakini kompyuta itahesabu schön kuwa na herufi 5 mahali pamoja na 6 pengine, na neno hilo hilo litashindwa kujioanisha na lenyewe kati ya faili mbili. Utaratibu wa kuunganisha herufi hizo unaitwa NFC. Uendeshe kwenye kila faili linaloingia. Na usifungue faili za CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu) kwa programu ya jedwali ukazihifadhi upya bila kuangalia, kwa maana schön hugeuka schÃ¶n na hakuna onyo linalotokea.

## Hatua ya nne: maneno bandia

Nikiwa na miezi mitatu tu ya kuandaa mradi huu, miwili ningeitumia hapa. Maneno bandia mabaya huharibu data ya maneno ya kweli. Yakiwa rahisi mno, kwa mfano Xrtgn, mshiriki hasomi tena, anaangalia tu kama herufi zinatamkika. Muda wa maneno yote hushuka, na tofauti kati ya neno la kawaida na adimu hufifia.

Programu huria ya Wuggy, iliyotolewa mwaka 2010, hutengeneza maneno bandia kutokana na silabi za lugha husika, na Kijerumani kimo. Unaipa Garten, inakupa maneno yenye urefu, silabi na mfuatano wa herufi unaofanana. Hapo ndipo kazi ya binadamu huanza, kwa sababu Kijerumani kina maumbo mengi. Angalia jirani za Garten: badilisha a kuwa e, unapata Gerten, wingi wa Gerte, yaani fimbo. Weka u, ni Gurten, umbo la Gurt, mkanda. Badilisha r kuwa l, ni galten, wakati uliopita wa gelten. Badilisha t kuwa b, ni Garben, matita ya nafaka. Badilisha kuwa d, ni Garden, wingi wa Garde, walinzi. Mabadiliko matano ya herufi moja, na yote yanakupeleka kwenye neno la kweli. Kwa hiyo linganisha kila neno bandia na orodha kubwa yenye maumbo yote yaliyonyambuliwa, pasipo kujali herufi kubwa au ndogo. Orodha ya maneno ya msingi peke yake haitakamata galten.

Kisha ondoa, au angalau weka alama kwenye, maneno bandia yanayotamkwa kama maneno ya kweli. Fater husikika sawasawa na Vater (baba). Kint husikika kama Kind (mtoto), kwa kuwa d ya mwisho katika Kijerumani hutamkwa t. Mshiriki hukawia kwenye maneno hayo kwa sababu ya sauti, na hilo ni swali jingine kabisa. Ondoa pia yale ambayo ni maneno ya Kiingereza, kwa sababu washiriki wako karibu wote wanakijua Kiingereza.

Maneno ya kuunganishwa yana ugumu wake. Kijerumani huunga nomino kwa nomino bila kikomo: Haustürschlüssel ni ufunguo wa mlango wa nyumba. Ukitengeneza bandia kwa kuunga maneno mawili ya kweli, mathalani Tischapfel, umetengeneza kitu ambacho hakimo katika kamusi lakini kinaeleweka: tufaha la mezani. Mmoja atasema ndiyo, mwingine hapana, na wote wawili wana hoja. Badala yake haribu sehemu moja tu au zote mbili, kwa uwiano unaoujua. Kwa kila neno la kweli la namna hii andika sehemu zake na kiungo kilichopo katikati: Arbeitszimmer (chumba cha kazi) ina s, Blumentopf (chungu cha maua) ina n. Watafiti wa maneno ya kuunganishwa watakushukuru kwa safu hizo kuliko kwa kitu kingine chochote.

Mwisho, orodha nzima isomwe na wazungumzaji wa asili watatu, mmoja kutoka kila nchi. Mjerumani wa kaskazini anaweza asilijue neno Jänner, ambalo ndilo Januari ya Waaustria, wala asikumbuke haraka kwamba Velo ni baiskeli kwa Waswisi. Wao ndio watakaokuambia lipi kati ya maneno bandia yako linatumika kijijini kwao.

## Hatua ya tano: ridhaa na sheria

Sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data, ambayo Wajerumani huiita DSGVO, inatumika tangu tarehe 25 Mei 2018. Pitia kamati ya maadili ya chuo kabla ya kumwita mshiriki hata mmoja, kwani kibali hakitolewi kwa kazi iliyokwisha kufanyika.

Fomu ya ridhaa iseme waziwazi kwamba majibu yatachapishwa mtandaoni milele, bila jina, kwa matumizi ya yeyote. Fomu nyingi za vyuo bado zina sentensi inayosema data itaonwa na watafiti wa mradi pekee. Ukiiacha sentensi hiyo, hazina yako imefungwa hata kabla haijaanza, na huwezi kuwarudia watu 2,000 kuwaomba upya. Mpe kila mshiriki namba ya siri ya kuomba data yake ifutwe, na umtajie tarehe ya mwisho ya kufanya hivyo.

Uliza machache: umri kwa makundi ya miaka mitano, elimu, mkono anaotumia, nchi na jimbo alikokulia, lugha ya nyumbani utotoni na lugha nyingine. Usihifadhi anwani ya IP. Swali la matatizo ya kusoma ni taarifa ya afya, ambayo sheria huilinda zaidi. Liulize tu kama kamati imekubali, na liwe la hiari. Ongeza kipimo kifupi cha msamiati kama LexTALE ya Kijerumani, yenye maneno 60 ya kweli na bandia, ili mtafiti aweze kutofautisha kati ya neno gumu na msomaji mchanga.

Usiwafukuze waliokulia na lugha mbili. Ujerumani ina mamilioni ya watu waliokulia na Kituruki, Kirusi, Kiarabu au Kipolandi nyumbani, na wamo hata wana wa Afrika Mashariki wanaosoma vyuoni huko. Ni wasomaji wa Kijerumani kama wengine. Weka safu ya lugha, na mwenye kutaka kundi fulani atachuja mwenyewe.

## Hatua ya sita: jaribio lenyewe

Programu huria za kazi hii ni jsPsych na lab.js kwa kivinjari, PsychoPy na OpenSesame kwa maabara. Kwa washiriki 2,000 mtandaoni, jsPsych inatosha.

Kila onyesho: alama ya katikati kwa milisekunde 500, kisha neno hadi mtu ajibu au zipite milisekunde 3,000. Katika baadhi ya lugha nyingine 2,000 zimetosha, lakini Kijerumani kina maneno ya herufi 20, na kumkatisha msomaji katikati ni kupoteza jibu halali. Tumia fonti yenye herufi za upana sawa. Mapumziko kila baada ya maonyesho 100, pamoja na kumwonyesha mshiriki asilimia yake ya majibu sahihi; hilo humrudisha makini. Mfuatano wa maneno uchanganywe upya kwa kila mtu, na ujumuishe maonyesho 20 ya mazoezi ambayo hayatahesabiwa.

Vitufe vya kujibu viwe F na J. Kamwe usitumie Z wala Y, kwani kwenye kibodi za Kijerumani na za Uswisi vimebadilishana nafasi, na mkono wa mshiriki utakuwa mahali usipotarajia. Vilevile hifadhi kitufe kwa nafasi yake kwenye kibodi, pamoja na herufi yake. Jibu la "ndiyo" lipewe mkono anaoutumia zaidi.

Skrini ya kawaida hujichora upya kila milisekunde 16.7, na kibodi nazo zina uchelewaji wake. Hilo haliharibu kazi, kwa sababu uchelewaji wa kompyuta moja huwa karibu sawa kwa maneno yote ya mtu huyo. Ila ni sababu ya kuhifadhi aina ya kivinjari, mfumo wa kompyuta na kasi ya skrini kwa kila mshiriki. Simu zizuie kabisa: kugusa kioo kuna muda wake mwingine.

Endesha jaribio la awali kwa orodha mbili tu kati ya zile 50. Tazama maneno bandia ambayo zaidi ya theluthi ya watu wameyaita ya kweli. Karibu kila mara utakuta jina la mji, neno la lahaja au umbo ulilolisahau.

## Hatua ya saba: kusafisha bila kufuta

Faili ghafi halifutwi mstari hata mmoja. Jibu lililokuja baada ya milisekunde 120 haliwezi kuwa usomaji, lakini libaki, na safu ya pembeni iseme "limetengwa, haraka mno". Mtafiti mwingine anaweza kuwa na kigezo tofauti na chako, na hazina huria ipo kwa ajili yake.

Vigezo viandike na kuviweka wazi kabla ya kuona data. Ningeanza na hivi: majibu chini ya milisekunde 250 yatengwe, majibu yaliyo mbali mno na wastani wa mtu huyo yatengwe, mshiriki aliye chini ya asilimia 80 ya majibu sahihi aangaliwe. Asilimia hiyo ihesabiwe kwa maneno ya kawaida na maneno bandia tu. Ukijumuisha maneno adimu, utawatoa watu waaminifu waliosema "silijui", na utabaki na wasomi wa vitabu peke yao.

Kwa kila mtu badilisha muda kuwa alama sanifu: toa wastani wake, gawanya kwa mkengeuko wake. Hapo mtu mwepesi mwenye kompyuta mpya na mtu mzito mwenye kompyuta ya zamani hulinganishika. Chapisha muda halisi na alama sanifu, vyote viwili.

Kisha pima uthabiti. Gawa washiriki wa kila neno nusu kwa nusu kwa nasibu, tafuta uwiano (korilesheni) kati ya wastani wa nusu hizo mbili, halafu usahihishe kwa kanuni ya Spearman na Brown: mara mbili ya uwiano, gawanya kwa moja ukijumlisha uwiano huo. Uwiano wa 0.65 unakuwa 0.79. Namba hiyo ni muhimu kwa kila atakayetumia data yako, kwani hakuna nadharia inayoweza kueleza zaidi ya kile ambacho data yenyewe inakirudia.

Halafu hakiki kwa mambo yanayojulikana. Maneno yenye Zipf ya juu lazima yajibiwe upesi kuliko ya chini. Usipoliona hilo, usitafute maelezo ya kina. Tafuta kosa la kuoanisha faili, na uanze na umlauti.

## Hatua ya nane: kufunga na kutoa

Toa mafaili manne tofauti: la maonyesho, lenye mistari takribani milioni 1.6, la washiriki, la maneno ya kweli pamoja na wastani wao, na la maneno bandia, ambayo wengi huyasahau ilhali yana watafiti wake. Ambatanisha kamusi ya data inayoeleza kila safu: jina, maana, kipimo, na alama inayotumika pale ambapo jibu halipo. Iandike kana kwamba msomaji wake hatakuwa na mtu wa kumuuliza.

Leseni ya data iwe CC BY 4.0, inayodai kutajwa tu, au CC0 isiyodai chochote. Epuka masharti ya "si kwa biashara". Watengenezaji wa programu za kufundishia Kijerumani na wa vipimo vya usomaji wataogopa kuigusa, nao ni miongoni mwa wanaoihitaji. Skripti zipe leseni yake, kwa mfano MIT, na uweke pia jaribio zima la jsPsych kama lilivyoendeshwa, ili mtu aweze kuliendesha upya kesho kwa orodha nyingine.

Pakia kwenye hifadhi huria ya data za utafiti: Zenodo, inayoendeshwa na CERN (maabara ya fizikia ya Ulaya), au OSF. Zote mbili hutoa kitambulisho cha kudumu cha DOI, jambo ambalo tovuti ya mradi haiwezi kukuhakikishia pindi fedha zikiisha. Toleo la kwanza liite 1.0.0, na usilibadilishe kimyakimya. Mtu akigundua kwamba neno fulani bandia ni jina la kijiji huko Tirol, jimbo la Austria, sahihisha, toa 1.0.1, eleza kilichobadilika, na toleo la zamani liendelee kupatikana, kwa sababu kuna makala zilizokwisha kulitumia.

Kabla ya kutangaza, mpe faili zote mwanafunzi asiyehusika na mradi na umwombe atoe jedwali la wastani wa muda kwa ngazi za Zipf, akitumia maandishi yako pekee. Kila swali atakalolazimika kukuuliza, jibu lake liandike kwenye kamusi ya data, kisha ndipo ubonyeze kitufe cha kuchapisha.